Jeneza Lililopita Nyuma ya Kantini

Ombi lenyewe lilikuwa dogo. Nanay Luming, yaani Mama Luming kwa lugha ya kwao, alitaka jeneza la mumewe litolewe kwa Lango Kuu, basi. Hakutaka tarumbeta, hakutaka hotuba, wala hakutaka jina la mzee lichongwe kwenye ukuta wowote. Alitaka siku ya Alhamisi, saa tatu asubuhi, watu wanne wambebe Crispulo Abenoja kutoka nyumbani, wavuke uwanja wa katikati, wapite mbele ya kikanisa na groto ya Bikira Maria, watokee barabarani. Mzee alikuwa seremala wa shule ya masista ya Santa Eduvigis kwa miaka thelathini na minane, na milango ya lango hilo aliichonga kwa mkono wake. Ila mwenyewe alikuwa halipiti. Watu wenye misumeno na ndoo za saruji huingilia nyuma, upande wa mfereji na soko la samaki, na mzee huyu hakuwa na siku asiyobeba kitu.

"Mara moja tu, Toto," alimwambia mwanawe. "Atoke mbele kama watu."

Huyo Toto alikuwa Delfin, mwanamume wa miaka arobaini na sita, mwenye kitambi kidogo na cheo cha msimamizi wa matengenezo wa shule nzima, kuanzia madarasa ya watoto wa msingi mpaka ghorofa tano za chuo. Funguo zote za pale zilining'inia kiunoni mwake. Alipotembea zililia, na wanafunzi waliokuwa wakibusiana nyuma ya ukumbi wa michezo wakapata nafasi ya kuachana. Kwa mama yake alibaki Toto, jina la kila mtoto wa kiume anayependwa kisiwani kwao.

"Nitamwomba Sista," alisema.

"Mwombe leo. Kesho watakuwa na mambo yao."

Jeneza lilikuwa sebuleni, kama sebule tunaweza kuiita. Familia ya Abenoja iliishi ndani ya uzio wa shule, katika chumba cha zamani cha kufulia nguo za masista, na katikati ya sakafu bado palikuwa na tundu la kupitishia maji ambalo mzee aliliziba kwa kipande cha mbao. Tangu Jumapili hapakufagiliwa, maana nyumba yenye maiti haifagiliwi, na maganda ya karanga za waombolezaji yalikuwa yakisagika chini ya viti. Marivic, mke wa Delfin, alikuwa akigawa kahawa. Alimtazama mumewe akivaa shati safi.

"Usizungukezunguke," akamwambia. "Ukifika, sema."

Marivic alimjua mume wake.

*

Kutoka nyumbani kwao mpaka jengo la ofisi ni dakika sita kama hukuona kitu cha kukarabati, na Delfin hakuwahi kuutembea mwendo huo kwa chini ya nusu saa. Siku ile ya Jumanne ndiyo kabisa. Wakaguzi watano kutoka Manila walikuwa wamefika asubuhi, na kwa siku tatu wangepita kila chumba wakiandika, ili waseme kama Santa Eduvigis inastahili kuitwa chuo cha daraja la juu au iendelee kukaa na wenzake wa chini. Mwezi mzima Delfin alikuwa amelala kidogo. Amepaka rangi madarasa ya msingi, amebadilisha mabati ya sekondari, amesugua ngazi za mawe mpaka mikono ikachubuka. Baba yake alifariki rangi ya mwisho ikiwa haijakauka.

Alipita ukumbi wa michezo, akapita chini ya daraja la kuunganisha sekondari na chuo, akainama kuokota kijiti cha barafu ya maziwa. Akafika uwanja wa katikati. Nyasi zilikuwa zimekatwa sawasawa, na kando yake palikuwa na ubao mpya wenye ramani ya shule: konventi ya masista kwa rangi ya bluu, kikanisa kwa dhahabu, chuo kwa nyekundu. Delfin aliisimamisha ramani hiyo yeye mwenyewe wiki iliyopita. Nyumba yao haikuwemo. Mchoraji alikuwa ameweka miti mitatu mahali pale, na Delfin alipoiona hakumwambia mtu. Alijiambia kwamba miti nayo inapendeza.

Mlango wa ofisi ya Sista Bernardita, mkuu wa shule, ulikuwa wazi. Delfin alisimama kizingitini, kofia mkononi. Ndani, kwenye kochi la wageni, alikaa mwanamume mwembamba aliyevaa shati jepesi lililotariziwa, lile la kuvaliwa kwenye sherehe, akisoma faili nene. Huyo alikuwa kiongozi wa wakaguzi. Na ukutani, nyuma ya Sista, palibandikwa ratiba kubwa yenye maandishi mekundu: Alhamisi, saa tatu, ukaguzi wa majengo.

"Delfin, ingia," Sista alisema. Alinyanyuka, akamshika mkono kwa mikono yote miwili. Alikuwa mama mfupi wa miaka sitini, anayetembea haraka kama anayekimbia mvua. "Nanay anaendeleaje? Amekula?"

"Amekula, Sista. Asante, Sista."

"Nilitaka kukuita. Alhamisi mnamtoaje mzee? Niambie tu. Apite wapi, nani afungue nini, watoto wasimame wapi. Mseme mnavyotaka."

Angalia sasa. Swali alishaulizwa. Hakutakiwa hata kuomba, alitakiwa kutaja jina la lango. Lakini mkaguzi aliinua macho kutoka kwenye faili, akamtazama kwa upole tu kama mtu anavyomtazama aliyeingia, na Delfin akaona shati lake mwenyewe jinsi lilivyokunjamana kwapani, akaona viatu vyake vyenye chokaa juu ya zulia, akaona jeneza la baba yake likikatiza uwanja katikati ya wageni, na wageni wakiweka kalamu zao chini. Maneno yakamkwama. Yakatoka mengine.

"Tutapita nyuma, Sista."

"Nyuma? Kwenye kantini?"

"Ni karibu na gari, Sista. Tusisumbue."

"Hakuna anayesumbuliwa. Nanay amesemaje?"

"Nanay ndiye anayetaka hivyo," alisema Delfin. "Hapendi makuu."

Sista alimtazama kidogo zaidi ya kawaida. "Kama ndivyo anavyotaka mwenyewe, mimi siwezi kumpangia mjane. Mwambie nitakuja makaburini."

"Ndiyo, Sista. Asante, Sista."

Aliposhuka ngazi alijisikia mwepesi, kama mtu aliyepona kung'olewa jino. Wepesi huo ulimfikisha kwenye groto. Hapo, mbele ya Bikira Maria na mishumaa yake, ndipo aibu ilipompata, nayo ilimpata vizuri. Hakuna aliyemkataza. Hakuna hata aliyekunja uso. Alikuwa amejifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe, na funguo zote anazo yeye.

*

Nanay Luming alikuwa amekaa kichwani mwa jeneza, rozari mkononi.

"Amesemaje?"

Delfin alipeleka mkono kuvua kofia ambayo alikuwa ameshaivua. Angeweza kusema ukweli. Angesema, Nanay, nimeona haya, sikuomba. Lakini mtu mzima atamwambiaje mama yake jambo hilo mbele ya majirani sita wanaokula karanga?

"Kuna wageni, Nanay."

"Najua kuna wageni. Nimekuuliza amesemaje."

"Amesema... saa tatu ndiyo saa ya ukaguzi wa majengo. Ingekuwa siku nyingine."

"Ingekuwa siku nyingine," alirudia mama yake. "Kwa hiyo Crispulo amekosea siku."

"Hakusema hivyo."

"Amekataa au hajakataa?"

Majirani waliacha kutafuna. "Amekataa, Nanay," alisema Delfin. "Tutapita nyuma."

Mama hakulia. Aliitazama rozari yake kama anayetafuta alipokuwa ameachia. "Zile benchi za kikanisa," alisema taratibu, "anazopigia magoti yule mama kila asubuhi, mzee alizipiga msasa mimi nikiwa na mimba yako. Vumbi alilileta mpaka kitandani." Kisha akaendelea na salamu Maria, na wengine wakamfuata, na Delfin akatoka nje akajifanya kukagua bomba.

Tangu saa ile Sista Bernardita akawa mtu mbaya katika nyumba ya Abenoja. Waombolezaji walimchambua mpaka mifupa. Mmoja alikumbuka alivyowahi kupitwa na Sista bila kusalimiwa. Mwingine akasema masista wa siku hizi wanapenda daraja la juu kuliko mbingu. Delfin alisikiliza, na kila neno lilimchoma, na kila mara alipotaka kufungua kinywa aliona muda umeshapita.

*

Jumatano mchana Marivic alirudi kutoka kantini, anakofanya kazi ya kupika, akamvuta mumewe nyuma ya nyumba, kwenye kamba za nguo.

"Karani wa Sista amekuja kuchukua kahawa," alisema. "Ananiuliza kwa nini ninyi mnataka kupita nyuma. Anasema Sista mwenyewe anashangaa. Alikuwa ameshawaambia walimu wa msingi wawapange watoto."

Delfin alishika kamba.

"Unanisikia?"

"Nakusikia, Langga," alisema, kwa neno lao la kuitana mpenzi.

"Usiniite Langga. Uliomba au hukuomba?"

"Nilifika. Palikuwa na mgeni."

"Mgeni alikuziba mdomo?"

"Hujui ilivyokuwa. Yule mtu alikuwa ameshika faili la majengo. Mwezi mzima nimeua watu kwa kazi ili waone pasafi, halafu nipitishe maiti katikati yao?"

"Maiti gani? Baba yako." Marivic alipunguza sauti, na hapo ndipo alipotisha zaidi. "Delfin, mama yako yuko ndani anamchukia mtu asiye na kosa. Saa hizi ni saa nane. Ofisi inafungwa saa kumi na moja. Nenda ukaseme ulikosea. Dakika moja tu, imekwisha."

"Ataniona mwongo."

"Si ni mwongo?"

Alikwenda. Tumpe haki yake, alikwenda, na safari hii hakuokota kitu njiani. Alifika mpaka chini ya zile ngazi za mawe. Juu yake, kwenye baraza, Sista alikuwa amesimama na wakaguzi wote watano, na mmoja wao alikuwa akipitisha kiganja juu ya mbao za ukingo wa ngazi. "Kazi kama hii siku hizi huipati," alisema mkaguzi. "Nani aliyefanya?"

"Seremala wetu," alisema Sista. "Tunamzika kesho."

Wote wakanyamaza kwa heshima, na yule aliyekuwa amegusa mbao akafanya ishara ya msalaba. Ungedhani mlango umefunguka wazi kabisa. Delfin alitakiwa kupanda ngazi kumi na mbili aseme, mimi ni mwanawe. Lakini jinsi walivyokuwa wamenyamaza vizuri, aliona kwamba akitokea sasa na uongo wake wa jana atauharibu ukimya ule, na watajua kwamba fundi huyu wa mbao nzuri alizaa mtu wa namna gani. Akageuka. Funguo zililia, Sista akatazama chini, na Delfin akaongeza mwendo kama mtu aliyeitwa kwingine.

"Umemwambia?" Marivic aliuliza.

"Alikuwa na watu."

Marivic alianua nguo zote, hata zile mbichi, akaingia ndani. Angeweza kwenda kwa Sista yeye mwenyewe, na miguu ilimwasha. Lakini mke wa Abenoja aende kumwambia mkuu wa shule kwamba mumewe ni mwongo, tena kwenye matanga ya mkwewe? Naye aliona haya. Ugonjwa huo haukuwa wa Delfin peke yake.

*

Njia ya nyuma inapita kati ya jiko la kantini na tangi jipya la maji. Tangi hilo Delfin alilijenga mwezi wa pili, na alilisogeza karibu na jiko ili mbele pabaki pana. Jumatano jioni alikuwa amelipima jeneza kwa futi, vishikio vyake vikiwemo, akaipima na njia. Lilipita na kubakiza vidole viwili kila upande. Kwa vidole viwili fundi halali na wasiwasi.

Alhamisi saa tatu walilinyanyua. Wajukuu walivushwa juu ya jeneza mmoja mmoja ili mzee asiwarudie usingizini. Mbele alishika Manong Tasyo, yaani Kaka Tasyo, seremala mwenye mvi aliyefundishwa kazi na marehemu, pamoja na binamu mmoja. Nyuma wakashika Delfin na dereva wa shule. Kitu kimoja kila mtu anakijua: jeneza likitoka halirudi, na halitakiwi kugusa ukuta wala mlango, maana likigonga linabisha hodi kwa ajili ya mwingine wa nyumba hiyo hiyo. Walitoka mlangoni salama. Nanay Luming alifuata, mwavuli mweusi mkononi, hapakuwa na mvua.

Walikuwa wameshaingia kwenye uwembamba wenyewe, ukuta wa jiko kushoto, tangi kulia, lango la nyuma linaonekana, waliposikia mtu akiimba mbele yao. Wanaume wawili waliingia kwa lango la nyuma, mti wa mwanzi begani, na kwenye mwanzi huo nguruwe mzima aliyebanikwa, mwekundu, anameremeta kwa mafuta, amefunikwa majani ya mgomba mgongoni. Alikuwa chakula cha mchana cha wakaguzi.

Pande zote mbili zikasimama. Kati ya pua ya nguruwe na jeneza zilibaki kama hatua nne.

"Poleni," alisema mbeba nguruwe wa mbele. Alivua kofia, adabu alikuwa nayo. "Ila sisi hatuwezi kurudi, bosi. Kule nyuma kuna lori la soda limeshaziba. Na tukimwinamisha huyu ngozi inapasuka."

"Mweke chini," alisema Manong Tasyo.

"Chini wapi, mzee? Kwenye maji ya samaki? Huyu ni wa Sista."

Manong Tasyo aligeuza shingo. "Delfin, zungumza na watu wako."

Watu wote walimtazama Delfin. Yeye ndiye mwenye cheo, ndiye mwenye funguo, na huyo kwenye sanduku ni baba yake. Neno moja lingetosha. Wale wawili wangejibana, wangemnyanyua nguruwe juu ya vichwa, wangefanya lolote. Lakini Delfin alimwona nguruwe ameletwa mezani amepasuka ngozi, akaona wakaguzi wamekaa, na Sista anauliza ilikuwaje.

"Turudi kidogo," alisema.

"Unasema nini?"

"Hatua chache tu, Manong. Wapite."

"Maiti hairudishwi ilikotoka, Delfin. Unajua."

"Hatua chache."

Manong Tasyo alikuwa ametumwa na kuagizwa maisha yake yote, na mwishowe akatii hilo nalo. Walirudi nyuma, kinyumenyume, wanawake waliofuata wakisukumana kupisha. Mtu aliyezoea kupima kwa futi angekumbuka kwamba watu hawarudi nyuma kwa mstari ulionyooka. Dereva alikanyaga ganda la ndizi, au jiwe, hakuna aliyejua. Pembe ya jeneza iligonga tangi. Ilikuwa sauti ndogo, mbao kwa saruji, lakini kila mtu aliisikia, na wanawake wakajishika vifua na kufanya ishara ya msalaba.

Nguruwe alipita, na kule langoni lori likasogea. Harufu yake ilikuwa tamu mno, na binamu, ambaye hakuwa amekunywa hata chai, alinong'ona kwamba angalau mzee ameagwa kwa harufu nzuri. Mbeba nguruwe wa nyuma alisema asanteni, kwa sauti ya chini, bila kumtazama mtu.

Nanay Luming alisogea mpaka kwenye pembe ile. Chokaa ya tangi ilikuwa imebaki juu ya vanishi. Alitoa leso, akailowesha kwa mate, akasugua. Alisugua kwa muda mrefu, kama anayemfuta mtoto uso kabla ya kwenda misani, na watu wanne wakiwa wamebeba, hakuna aliyemwambia amalize.

"Haya," alisema. "Sasa twende."

Delfin alitamani ardhi impasukie. Lakini ardhi ya pale aliisakafia yeye mwenyewe kwa zege.

*

Baada ya misa kwenye kanisa la mji walikwenda makaburini. Sista Bernardita alifika wakati padri anamaliza kunyunyiza maji ya baraka, pamoja na karani na masista wawili, wamechafuka udongo mpaka kwenye pindo. Alisimama nyuma mpaka kaburi likazibwa, kisha akaja moja kwa moja kwa mjane na kunyoosha mikono. Mikono ya Nanay Luming ilibaki juu ya mwavuli.

"Asante kwa kuja, Sista," alisema. "Wageni wameshakula?"

"Wanakula sasa, Nanay. Nimewaacha mezani."

"Nguruwe alikuwa mzuri. Tulipishana naye. Tukampisha."

Sista hakuelewa, alimtazama karani, na karani akatazama mbali. Mafundi wote wa shule walikuwa pale, na walimu watatu, na majirani wenye ndimi. Delfin alijua kinachokuja. Alijua kama mtu anavyojua bati limelegea kabla halijaanguka. Alipiga hatua moja, akafungua mdomo, na hata hapo, hata hapo, hakikutoka kitu.

"Nanay, mniwie radhi kama nimekosea mahali," alisema Sista. "Nilitaka sana tumpitishe mbele. Uwanja ulikuwa mtupu, wageni asubuhi yote niliwapeleka maktaba kwa makusudi. Watoto wa msingi walikuwa wameshapangwa, nikawarudisha darasani. Lakini Delfin aliponiambia wewe mwenyewe unataka nyuma, nikasema niheshimu."

Manong Tasyo alimgeukia Delfin taratibu. Marivic alitazama viatu vyake. Na Nanay Luming, mwanamke wa miaka sabini na moja ambaye hakuwa amelala siku nne, alimtazama mwanawe. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayesoma barua fupi, akafika mwisho, akarudia tena ili ahakikishe.

Kisha akampa Sista mkono.

"Ni kweli," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Mimi ndiye niliyetaka nyuma. Mzee hakuzoea mbele. Nisamehe, Sista, mimi ni mzee, nasema jambo leo kesho nalisahau."

Watu wakashusha pumzi. Sista akamkumbatia. Mjane aliyekuwa hajasema uongo mbele ya kaburi lolote aliusema mbele ya kaburi la mumewe, na aliusema vizuri kiasi kwamba walioamini walikuwa wengi. Manong Tasyo hakuwa mmoja wao. Alivaa kofia yake akaondoka bila kumuaga Delfin.

*

Kutoka makaburini mtu haendi nyumbani moja kwa moja, asije akaandamana na marehemu. Sharti apite mahali kwanza. Abenoja walipita kwenye duka la mikate la pembeni mwa soko, wakakaa watatu, Nanay Luming, Delfin na Marivic, na kahawa na mikate ya chumvi ambayo hakuna aliyeigusa.

"Alikuuliza?" alisema mama.

"Aliniuliza, Nanay."

"Kabla hujasema chochote?"

"Kabla."

"Akasema msemeje?"

Delfin alizungusha kikombe. "Alisema tuseme tunavyotaka."

Mama alitikisa kichwa polepole. Nje, muuza samaki alikuwa akigombana na mteja juu ya mizani. "Nimemchukia yule mama siku mbili," alisema Nanay Luming. "Nimesali rozari nzima, mafungu yote matano, huku namchukia. Sasa nitaungama nini? Nitamwambia padri nilimchukia kwa sababu gani?"

"Nanay, nisamehe. Niliona haya."

"Haya ya nini?"

Jibu alikuwa nalo, lakini lilikuwa na baba yake ndani, na nguo za kazi za baba yake, na miguu yenye chokaa juu ya zulia, na lisingesemeka mbele ya mwanamke aliyezifua nguo hizo miaka thelathini na minane. Machozi yalimlenga. Marivic alimsogezea leso bila kumtazama.

"Usilie hapa, watu wanakula," mama alisema. Alinyanyuka, akaegemea mwavuli, akasubiri mpaka mkwewe naye akanyanyuka. "Na mimi siku yangu haiko mbali. Nikifa, usiende wewe kwa Sista. Aende Marivic."

"Ndiyo, Nanay," alisema Delfin, kama alivyokuwa amemwambia kila mtu maisha yake yote.